Kumwaga na Kuzoa

Kumwaga ni kazi ya dakika moja. Kuzoa ni kazi ya umri. Wazee waliliona jambo hili zamani wakasema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na waliposema hivyo walikuwa wakiufikiri mtungi wa mtu mmoja, uliovunjika mlangoni pake. Mwenye mtungi alipata hasara, ardhi ikanywa maji, na jambo likaisha. Lakini zama zetu zimezaa umwagaji wa namna nyingine. Mtu mmoja aweza leo kumwaga kitu ambacho ardhi haikinywi wala jua halikikaushi, na hasara yake ikawaangukia watu elfu ambao hawakuugusa mtungi. Basi swali linazaliwa, nalo ni swali la haki kabla ya kuwa swali la elimu ya viumbe: mtu akiharibu kilicho cha wote, kisha akasafisha na kulipa, je, deni lake limekwisha?

Nataka kulijibu swali hili kwa mfano wa mafuta yanayomwagika majini, kwa sababu katika jambo hilo kosa, toba na malipo huonekana kwa macho, kama doa juu ya kitambaa cheupe. Nitaanza na kosa dogo, ambalo nalijua vizuri kwa kuwa ni langu.

Nilikulia Karungu, kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria, mahali ambapo ghuba huingia katika nchi kavu. Watu wa kwetu huvua omena usiku kwa taa, na mbuta na ngege kwa nyavu. Na maji wanayovulia ndiyo wanayonywa, ndiyo wanayopikia na ndiyo wanayofulia. Nilipokuwa na umri wa miaka 12, mjomba wangu alikuwa na mashua yenye injini. Siku moja alibadili mafuta ya injini ile, akanipa yale machafu, meusi kama masizi, ndani ya debe, akaniagiza nikayafukie katika shimo mbali na maji. Shimo lilikuwa juu ya kilima, na wenzangu walikuwa wamekwisha kuanza mpira. Nikayamwaga katika mafunjo, karibu na mahali pa kuteka maji, nikakimbia.

Jioni niliporudi nilikuta maji yamevaa rangi za upinde wa mvua. Yalipendeza kutazama, na uzuri ule ndio ulionitisha. Nilikwenda nyumbani kwa siri, nikachukua sabuni ya unga ya mama, nikainyunyiza majini na kuikoroga mpaka rangi zikapotea. Nilifurahi, nikidhani nimesafisha. Asubuhi yake visamaki vilikuwa vikielea kati ya mafunjo, na nyanya mmoja, jirani yetu, alipoonja maji aliyoyateka, aliyatema, akaumwaga mtungi wote. Aliliona povu, kisha akaniona mimi. Nikakiri. Maneno aliyonijibu sikuyafahamu siku ile. Nitayaeleza mwisho, maana ilinibidi kujifunza habari za bahari za mbali kabla ya kuyafahamu maneno ya jirani.

Mafuta ni mepesi kuliko maji. Yakimwagika hutandaa juu yake, yakawa utando mwembamba unaochukuliwa mbali na upepo na mkondo. Ndege akitua juu ya utando huo, manyoya yake hushikamana na hayamhifadhi tena na baridi. Naye akijaribu kujisafisha kwa mdomo, humeza sumu. Mayai ya samaki na viumbe vichanga hudhurika upesi zaidi. Katika pwani yetu ya Bahari ya Hindi, mmoja wa wanaoumia sana ni mkoko. Mti huu huishi katika tope lisilo na hewa, na baadhi ya aina zake huvuta pumzi kwa mizizi inayochomoza juu ya tope kama vidole. Mafuta yakiipaka mizizi hiyo, mti hukosa pumzi ukafa umesimama. Nao haufi peke yake, kwa kuwa kaa, kamba na samaki wadogo waliolelewa katika mizizi yake hukosa malezi, na mawimbi hupata njia ya kuila ardhi.

Mambo haya si ngano za nchi za mbali. Katika mwaka wa 1988 tangi la mafuta lilitoboka katika eneo la Kipevu, Mombasa, na maelfu ya tani yakamwagika na kuingia katika hori ya Makupa. Mikoko ilikufa, na mahali pengine pakabaki uwanda wa tope kwa miaka mingi. Mwezi wa Aprili 2005, meli iitwayo Ratna Shalini ilimwaga zaidi ya tani 200 katika bandari hiyohiyo, na mafuta yakaifikia mikoko ya Port Reitz. Wavuvi na wachukuzi wa pwani, ambao hawakuwa na hisa katika tangi wala katika meli, walikuwa na fungu kamili katika hasara.

Je, mwanadamu hawezi kuyazoa mafuta hayo? Aweza, kwa kiasi. Huyazungushia vizuizi vinavyoelea. Huyakwangua kwa mashine. Huyafyonza kwa vitu vikavu. Huyachoma juu ya maji. Au huyanyunyizia dawa za kuyavunja yawe matone madogo. Mengine huliwa na bakteria, viumbe wasioonekana kwa macho, ambao hufanya kazi yao bila kishindo wala ujira. Lakini wenye uzoefu wa kazi hii hukiri kwamba mafuta yakiisha kutandaa katika bahari wazi, mashine huzoa sehemu ndogo tu, ambayo aghalabu haifiki moja ya tano. Yaliyobaki huruka hewani, huzama, hutupwa pwani, au huachiwa wakati uyamalize.

Wala mtu asidhani kwamba upungufu huu ni wa nchi maskini. Tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa kuchimbia mafuta ulioitwa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko, karibu na pwani ya Marekani, na watu 11 wakafa. Kisima kilikuwa chini ya maji yenye kina cha meta 1,500 hivi, nacho kilibubujisha mafuta siku 87 kabla ya kuzibwa. Hapakuwa na uhaba wa fedha, wala wa meli, wala wa wataalamu. Kilichokosekana ni kitu kimoja kisichouzwa popote, nacho ni dakika moja ya kurudi nyuma.

Hapa nawaomba wasomaji watazame jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hesabu ya tani. Tarehe 18 Machi 1967, meli ya Torrey Canyon, iliyobeba takribani tani 120,000 za mafuta ghafi, ilipanda mwamba karibu na Cornwall, Uingereza, baada ya nahodha kushika njia ya mkato ili aiwahi bandari. Mafuta yalipofika pwani, watu walishikwa na fadhaa, wakayamwagia sabuni kali kiasi cha tani 10,000 hivi. Weusi ulipungua machoni. Lakini sabuni zile zilikuwa sumu kuliko mafuta yenyewe kwa viumbe wengi wa miambani, na wataalamu walipopachunguza baadaye waliona kwamba mahali palipomwagiwa sabuni nyingi palichelewa kupona kuliko mahali palipoachwa. Niliposoma habari hiyo nilikuwa mtu mzima, nimekwisha kuwa mwalimu, nami nikaikumbuka sabuni ya mama.

Jambo la namna hiyo lilitokea tena Alaska, ambako meli ya Exxon Valdez ilipasuka tarehe 24 Machi 1989 na kumwaga kiasi cha tani 37,000. Mawe ya pwani yalioshwa kwa maji ya moto yaliyosukumwa kwa nguvu nyingi. Mawe yaling'aa, na aliyeyatazama kwa mbali aliridhika. Lakini maji yale ya moto yaliwaua viumbe waliokuwa wamenusurika na mafuta. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mtu aliyechimba chini ya mawe katika baadhi ya fuo hizo aliyakuta mafuta yangali yamelala.

Kwa hiyo nasema kwamba kuna kusafisha kwa namna mbili. Kuna kusafisha kwa ajili ya aliyeumia, na kuna kusafisha kwa ajili ya jina la aliyeumiza. Kwa nje hufanana kama ndugu mapacha: wote wawili huchukua ndoo, wote wawili hutoka jasho. Hutofautiana kwa swali wanalojiuliza. Wa kwanza huuliza, "Aliyeumia anahitaji nini?" Wa pili huuliza, "Doa litaonekana mpaka lini?" Wa kwanza aweza kusubiri, kuchunguza, hata kuacha jiwe likiwa jeusi ikiwa kuliosha kutaua kilichobaki hai. Wa pili hawezi kusubiri, maana doa linamsuta yeye. Na tusiwacheke manahodha na matajiri peke yao. Ni mara ngapi mtu humwomba radhi rafiki aliyemkosea, si ili rafiki apone, bali ili yeye mwenyewe alale usingizi? Radhi ya namna hiyo ni sabuni: hufuta rangi, huacha sumu.

Yupo atakayenipinga, naye anastahili kusikilizwa. Atasema: "Mwalimu, wewe mwenyewe hupanda gari, na mashua za Karungu hazivuti omena kwa sala. Dunia inahitaji mafuta. Yanayosafirishwa hayakosi kumwagika. Na ajali haina kinga. Maadamu mwenye kosa amelipa, unataka nini zaidi?" Katika maneno haya mna kweli mbili. Ni kweli kwamba tunahitaji mafuta, na ni kweli kwamba malipo ni haki. Sheria ya Kenya ya mwaka 1999 juu ya mazingira imeikubali kanuni kwamba aliyechafua ndiye agharimie usafishaji na fidia, na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Pasipokuwa na malipo, mwenye nguvu angemwaga leo na kesho akamwaga tena huku akiimba. Mimi siyadharau malipo hata kidogo.

Nakataa jambo moja tu: kuyageuza malipo yawe bei. Maana kitu kikiwa na bei, mwenye fedha huwa na ruhusa. Tajiri akiweza kusema, "Niliharibu, nikalipa, tumemalizana," basi amenunua haki ya kuharibu, na maskini ambaye hana cha kulipa ndiye peke yake atakayeitwa mkosaji. Tena malipo hayana mbio za kosa. Wavuvi na wenyeji wa Alaska walishitaki. Mwaka 1994 jopo la raia mahakamani liliamua kampuni itozwe adhabu ya dola bilioni 5. Rufani zikafuatana, na mwaka 2008 mahakama kuu kuliko zote za Marekani ikaipunguza ikawa dola milioni 507 hivi. Tangu meli kupasuka ilikuwa imepita miaka 19. Baadhi ya waliodai walikuwa wamekwisha kufa. Ni mtu gani atakayesema kwamba wafu wale walilipwa?

Na neno ajali nalo lapasa kupimwa kabla ya kukubaliwa. Tarehe 25 Julai 2020, meli ya Wakashio, mali ya kampuni ya Japani, ilipanda mwamba wa matumbawe katika kisiwa cha Morisi, mashariki ya Madagaska. Tarehe 6 Agosti mafuta yalianza kuvuja, na takribani tani 1,000 zikaingia baharini. Bahari haikuwa imeipotosha meli ile. Uchunguzi wa serikali ya Japani, uliotolewa mwaka 2023, ulieleza kwamba meli ilisogezwa karibu na kisiwa ili mabaharia wapate mawimbi ya simu. Nahodha na afisa wake wa kwanza walikuwa wamekwisha kuhukumiwa na mahakama ya Morisi, mwezi wa Desemba 2021, kifungo cha miezi 20. Njia ya mkato. Mawimbi ya simu. Mpira wa watoto kilimani: tazameni jinsi sababu zilivyo ndogo! Hakuna mmoja kati yetu aliyetaka kuua samaki. Kila mmoja alitaka kitu chepesi, kisicho dhambi chenyewe, akakitaka saa ambayo alikuwa amekabidhiwa kitu kizito. Ajali haina kinga, lakini mengi tuyaitayo ajali yalikuwa na kinga, nasi tuliiweka kando kwa muda mfupi.

Watu wa Morisi walitufundisha na somo jingine. Hawakungoja kesi. Walishona mifuko mirefu ya nguo, wakaijaza majani makavu ya miwa, wakaifunga na chupa tupu za plastiki ili ielee, wakaizungushia fuo zao. Wengine walikata nywele zao zitumike kufyonza mafuta. Walizoa wasichokimwaga. Wema huo ni mkubwa, na ujirani hauna maana pasipo wema huo. Lakini jihadharini: wema wa jirani haumfutii deni mkosaji, bali humwongezea la pili. Mtu akinizolea uchafu wangu, sasa nawiwa na aliyeumia, tena nawiwa na aliyezoa.

Narudi sasa nyumbani. Ziwa letu lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, na nchi tatu hulitumia, yaani Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa ukubwa wake wote, kina chake cha wastani ni meta 40 tu. Mto unaotoka humo ni mmoja, Nile, penye mji wa Jinja. Na sehemu kubwa ya maji ya ziwa huondoka kwa kuwa mvuke. Mvuke huacha nyuma uchafu mzito. Bahari ina nafasi ya kutawanya makosa yetu, ziwa huyatunza. Huko Kisumu ilijengwa gati ya mafuta, iliyokamilika mwaka 2018, kusudi mafuta yavushwe kwa meli mpaka Uganda. Jambo hilo lina manufaa yake, kwa kuwa meli moja huondoa malori mengi barabarani. Nalitaja kwa sababu debe linalopita juu ya maji yetu si la mjomba wangu tena. Limekuwa kubwa, na anayelishika ni binadamu kama mimi, mwenye kuchoka, mwenye haraka, mwenye kupenda mpira.

Sasa nitayasema maneno ya yule nyanya. Aliponisikia nikikiri, hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema, "Mjukuu wangu, umeyaosha macho yangu, maji yangu hujayaosha." Kisha akanihukumu. Tangu siku ile nilipaswa kumtekea maji mahali pa mbali, asubuhi na jioni, mpaka maji ya karibu yatakapofaa. Na wa kusema kwamba yanafaa ni yeye, si mimi. Siku za kwanza nilibeba maji kwa aibu, maana wenzangu walinicheka. Siku zilizofuata nilibeba kwa hasira. Mwishowe nilibeba kwa sababu nilijua jinsi njia ilivyo ndefu kwa miguu ya mzee, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kusafisha.

Baada ya majuma kadha alionja maji ya karibu, akanyamaza kidogo, akasema, "Yananywika." Nikamwuliza, "Nyanya, basi deni langu limekwisha?" Akanijibu, "Deni la maji limekwisha. Deni la debe halikwishi."

Nimelifikiri jibu hilo miaka mingi, nami sijapata la kulishinda. Deni la maji ni lile la kuzoa na kulipa. Lina kiasi, lina mwamuzi, na mwamuzi wake wa haki ni aliyeumia. Likilipwa kwa moyo, mtu apewe mkono na asisutwe tena. Lakini deni la debe ni uangalifu tunaowiwa na wenzetu kila mara tunapokabidhiwa kitu kinachoweza kuwadhuru. Deni hilo halilipwi kwa fedha, halihamishwi kwa mwingine, wala halina siku ya mwisho. Hulipwa tukiwa peke yetu, njiani kati ya ufuo na kilima, wakati hakuna anayetazama na sauti za mpira zinasikika.

Ninyi mnaosoma maneno haya mtapewa madebe ya namna nyingi. Mmoja atapewa meli, mwingine dawa za hospitali, mwingine fedha za ushirika, mwingine watoto wa watu darasani. Siku hiyo shimo litakuwa mbali, na mafunjo yatakuwa karibu. Pandeni kilima.